Kiti cha Magurudumu Hakipandi Mbaga

Juma hili hatuna mgeni rasmi wala hotuba. Nataka tuzungumze juu ya namna ya kumtunza nyumbani mume au mke aliyepooza, asiyeweza kusimama mwenyewe wala kujigeuza kitandani, hasa pale nyumba inapokuwa mlimani.

Kilichonisukuma ni simu. Mara kwa mara napigiwa na watoto wa Upare walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na swali lao ni lile lile: “Mzee amepooza, ninunue kiti gani cha magurudumu?” Wengine hawaulizi. Wanakwenda dukani, wanalipa, kiti kinafungwa kwenye boksi na kupakiwa kwenye basi la kwenda Same. Kutoka Same kinapandishwa mlimani juu ya keria. Ukipita kwenye nyumba hiyo baada ya miezi miwili unakikuta uani, tairi hazina upepo, kuku ametagia kwenye kikalio. Mzee yuko ndani kitandani, anatazama dari. Aliyenunua atakwambia wazee hawapendi vitu vya kisasa. Mimi nasema kiti kile hakikutengenezwa kwa ajili ya nyumba ile.

Kwa wale wasiopajua kwetu, Same mjini ni mji wa barabarani, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Uko kwenye mwinuko wa mita 860 hivi, ni pakavu na pana joto. Nyuma yake inasimama milima ya Upare wa Kusini: Mbaga, Chome, Suji, Vudee, Gonja, na kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Huko juu kuna baridi, migomba, tangawizi na maji. Kinachokosekana ni tambarare. Nyumba imechimbiwa ubavuni mwa mlima, jiko liko juu kidogo, choo kiko chini kidogo, na kutoka mlangoni hadi barabara ya gari kuna njia ya miguu yenye mawe na mizizi. Mtu mzima wa afya haioni njia hiyo. Anaiona siku anayopaswa kumpitisha mgonjwa.

Sasa tukitazame hicho kiti. Kile kinachokunjika, chenye fremu ya chuma, magurudumu mawili makubwa nyuma na mawili madogo mbele, asili yake ni Marekani. Katika miaka ya 1930 wahandisi wawili, Herbert Everest ambaye mwenyewe alikuwa amevunjika mgongo, na rafiki yake Harry Jennings, walitengeneza kiti cha kukunja ili kiingie kwenye motokaa. Viti vingi unavyoviona katika hospitali zetu ni wajukuu wa kile. Ni kiti kizuri sana mahali palipo na sakafu ya saruji na barabara ya lami. Ukikiteremsha kwenye njia yenye mawe, yale magurudumu madogo ya mbele yanakwama kwenye jiwe la kwanza, kiti kinasimama ghafla, na aliyekaa anaendelea na safari peke yake.

Kuna viti vya namna nyingine, vya magurudumu matatu, ambavyo gurudumu moja la mbele ni pana na limesogezwa mbali mbele. Hivyo havipinduki kirahisi na hupita kwenye udongo na kokoto. Ubaya wake ni urefu: ndani ya chumba kidogo havigeuki. Kwa hiyo ukiwa mlimani huna budi kuchagua, kiti cha ndani au kiti cha nje. Familia nyingi hazina uwezo wa kuwa na vyote viwili, na wengine hawana hata kimoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 80 duniani wanahitaji kiti cha magurudumu, na katika nchi nyingi wanaokipata ni wachache kuliko wanaokikosa.

Shirika hilo hilo lilitoa mwongozo mwaka 2008 juu ya viti kwa nchi zenye uwezo mdogo, na jambo kubwa ndani yake ni kwamba kiti hakigawiwi kama kanga za kampeni. Mtu anapimwa, kiti kinachaguliwa kumfuata yeye na mahali anapoishi, kinarekebishwa, anafundishwa yeye pamoja na anayemtunza, kisha baadaye anafuatwa kuangaliwa kama bado kinamfaa. Sisi tumezoea sherehe. Viti ishirini vinapangwa uwanjani, vyote saizi moja, kamera zinapigwa, mama mwembamba anakalishwa kwenye kiti kilichotengenezwa kwa mtu wa kilo 100. Mama huyo atalala upande mmoja kila anapokaa, uti wa mgongo utapinda, na katika muda mfupi atakuwa na kidonda. Sina ugomvi na mwenye kutoa. Lakini kabla ya kutoa, angekuja na futi ya fundi cherehani.

Vipimo vyenyewe si vigumu. Upana wa kikalio uwe sawa na upana wa nyonga za mgonjwa akiwa amekaa. Kina chake kiache nafasi ya kama vidole viwili kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, la sivyo damu ya mguuni inabanwa. Pa kukanyagia pawe kwenye kimo ambacho mapaja yanalala sawasawa juu ya mto. Paking'inia sana, uzito wote unahamia matakoni. Pakishuka sana, miguu inavuta kiwiliwili na mgonjwa anateleza kuja mbele. Kisha upime mlango. Nimeona kiti kizuri, kipya, kimelala barazani kwa sababu fremu ya mlango ilikuwa nyembamba kwa sentimita tatu.

Mkoa wa Kilimanjaro una bahati katika jambo hili. Moshi, kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia kijulikanacho kama TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981. Wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma hapo, na viti vya magurudumu ni sehemu ya kazi ya chuo hicho. Kutoka Same hadi Moshi ni kilomita zipatazo 100 za lami. Wapo wanaoagiza kiti Ulaya kwa jamaa, ilhali mafundi wa kumpima mgonjwa wanafundishwa mkoani mwao.

Nimesema mengi juu ya kiti, na wengine mnaweza kudhani kazi yake ni kumtembeza mgonjwa. Kwa mtu aliyepooza, kazi ya kwanza ya kiti ni kumkalisha. Mtu anayelala chali mchana kutwa mapafu yake hayafunguki vizuri, makohozi yanatuama, na nimonia inaingia. Akilishwa akiwa amelala, chakula kinapita njia isiyo yake. Sisi Wapare na makande yetu tuwe waangalifu hasa: yapikwe yalainike kabisa, yapondwe, mgonjwa akae wima, na baada ya kula asilazwe upesi, abaki amekaa kama nusu saa. Hata kama kiti hakitavuka kizingiti cha mlango mwaka mzima, kikimkalisha mtu wima saa kadhaa kwa siku kimekwisha kulipa bei yake.

Niseme sasa kwa nini nayajua haya. Mama watoto wangu alipatwa na kiharusi miaka minne iliyopita, akiwa na umri wa miaka 43. Kiharusi, kwa wasiojua, ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo inakosa damu na upande mmoja wa mwili unazimika. Kwake ulizimika upande wa kushoto, mkono na mguu. Ulimi ulibaki, tena mkali kama zamani, na namshukuru Mungu kwa hilo. Wengi hufikiri haya ni maradhi ya wazee wa Ulaya. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 wilayani Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba ukisawazisha hesabu ya umri, Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 316 wanaopatwa na kiharusi kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Hai wapatao 109. Kiasi kile cha Dar es Salaam ni kikubwa kuliko cha nchi nyingi tajiri. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo mlango wake mkubwa.

Hospitali ilimtoa baada ya wiki tatu. Tukapewa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi. Juu ya usiku hatukuambiwa neno, na mwenye mgonjwa wa namna hii usiku ndio kazi.

Ngozi ya mtu asiyejigeuza inakufa kimya kimya. Pale mfupa unapokandamiza godoro, yaani kitokono, nyonga, visigino, viwiko na mabega, damu haipiti. Saa chache zinatosha kuanzisha kidonda, na kidonda hicho kinaweza kuchimba hadi mfupani na kumaliza mtu kabla ugonjwa wenyewe haujammaliza. Zamani, askari waliovunjika uti wa mgongo vitani wengi hawakuishi miaka mingi, kwa sababu ya vidonda hivi na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari mmoja aliyekimbia Ujerumani ya akina Hitler, Ludwig Guttmann, alipewa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Sehemu kubwa ya dawa yake ilikuwa ni kuwageuza wagonjwa kila saa mbili, usiku na mchana, bila kukosa. Watu wakaanza kuishi. Huyo ndiye aliyeanzisha michezo iliyozaa Paralimpiki, lakini mimi namheshimu kwa zile saa mbili.

Kila saa mbili, basi. Saa nne usiku upande wa kulia, saa sita chali kidogo, saa nane upande wa kushoto kwa muda mfupi, saa kumi tena. Usimlaze ubavuni moja kwa moja akakalia mfupa wa nyonga. Mwinamishe, mto nyuma ya mgongo, mto mwingine katikati ya magoti, na visigino vining'inie hewani kwa kitambaa kilichokunjwa chini ya ndama ya mguu. Asubuhi, kwenye mwanga, kagua ngozi yote. Vitabu husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani. Tafuta mahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu kuliko pembeni yake. Ukipaona, mgonjwa asilalie hapo hata kidogo mpaka pamepona.

Na yule anayekaa kwenye kiti hajasalimika. Akae juu ya mto wa sponji nzito, si juu ya turubai tupu. Jaribu hivi: pitisha mkono chini ya mto, juu ya kikalio, mahali mfupa wa tako ulipo. Vidole vikibanwa kabisa visicheze, mto ni mwembamba. Kila baada ya robo saa au nusu saa ainuliwe au ainame mbele na pembeni ili damu ipite. Kuna desturi ya kumkalisha mgonjwa juu ya tyubu ya gari iliyojazwa upepo. Nia ni njema, lakini ile pete inabana damu pande zote na kuufanya ule mwili ulio katikati uvimbe. Acheni.

Jambo la kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti linataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wawili huumia kwa pamoja. Kwanza, kitanda na kiti viwe kimo kimoja. Kitanda kirefu kikatwe miguu. Kifupi kiwekewe matofali. Kiti kiwekwe upande wa mwili wenye nguvu, breki zifungwe, pa kukanyagia pakunjwe. Mgonjwa akae ukingoni, nyayo zote mbili ziwe chini. Mfunge kitenge kiunoni, kikazwe, hicho ndicho mpini wako. Magoti yako yakinge goti lake bovu. Chuchumaa, mgongo wako ubaki wima, hesabu moja, mbili, tatu kwa sauti ili naye asaidie, kisha inuka kwa mapaja na mzunguke pamoja. Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelala, na ukivuta, bega linashuka kutoka mahali pake na maumivu yake hayaishi upesi. Shemeji yangu mmoja alikuja kusaidia akaanza kumshika juu juu, mama watoto akamwambia, “Bwana, mimi si gunia la tangawizi.” Tangu siku hiyo ni yeye mwenyewe anayehesabu moja, mbili, tatu.

Kama mko wawili na hawezi kukaa kabisa, tandikeni shuka iliyokunjwa mara nne kutoka mabegani hadi mapajani. Mshike pembe na msogeze shuka, si mtu. Mama mkwe wangu, aliye karibu na miaka sabini, humgeuza binti yake kwa shuka hiyo peke yake. Choo chetu ni cha shimo na kiko mbali. Tulichukua kiti cha plastiki imara, fundi akakata tundu na kulilainisha kingo, tukakifungia kwenye fremu ya mbao ili kisiyumbe, ndoo chini yake. Gharama yake ni ndogo, na heshima iliyorudi ni kubwa kuliko ile ya dawa zote.

Sasa nifike kwenye lile linaloziumiza familia nyingi za kwetu, nalo ni hili: mgonjwa ashuke Same au abaki mlimani?

Miezi sita ya kwanza tulikaa Same mjini, nyumba ya kupanga. Sakafu ya saruji, mlango mpana, hospitali ya wilaya karibu. Kiti kilitembea vizuri sana. Asubuhi nilikwenda kazini, yeye akabaki na binti wa kusaidia, anatazama ukuta hadi jioni. Joto la Same lilimlowesha jasho mgongoni, na jasho nalo ni adui wa ngozi. Waliokuwa wakija kumwona walikuja wiki ya kwanza na ya pili, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, kama ilivyo mjini. Jioni moja akaniambia, “Baba watoto, hapa kiti kinatembea lakini mimi nimekaa. Nipeleke kwa mama.”

Sikutaka. Kule juu Mbaga barabara inakatika wakati wa mvua. Watu wa Same hawajasahau Novemba 2009, maporomoko ya udongo yalipoua watu zaidi ya 20 katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba. Dawa za shinikizo la damu haziwezi kungoja barabara ifunguliwe. Wataalamu wa mazoezi ya viungo wako mjini. Kila hoja niliyokuwa nayo ilikuwa sahihi, na yote ilihusu kiti, dawa na gari. Yeye alikuwa akizungumzia watu.

Tulimpandisha kwa gari hadi mahali gari linapoishia, na kutoka hapo vijana sita wakambeba kwa machela, fito mbili na blanketi, wakipokezana, kama walivyobebwa wajawazito na wagonjwa wa milima hii tangu zamani. Machela ndicho chombo ambacho bado kinashinda vyote katika njia zetu, na hakipatikani dukani. Kiti chake kikaletwa nyuma, kichwani kwa mtoto wa shule.

Kwa mama mkwe hakuwa peke yake hata saa moja. Wanaokwenda shambani walipita, waliotoka kisimani walipita, waliokuja kupukuchua mahindi waliyapukuchulia barazani pake. Lakini kutoka baraza ile hadi barabarani kulikuwa na ngazi tatu za mawe na njia ya hatua sabini hivi, na kiti kiliishia kwenye ngazi. Alikuwa amepata watu, akapoteza njia.

Kilichofuata ni msaragambo. Kwa wasio wa kwetu, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji: baragumu inalia, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Mwenyekiti wa kitongoji alitoa Jumamosi moja. Nilikuwa nimejiandaa na hesabu ya vitabuni, kwamba mteremko wa kiti cha magurudumu kwa kila sentimita 1 ya kupanda unahitaji sentimita 12 za kwenda mbele; kwa hiyo ngazi zetu tatu, zenye jumla ya sentimita 45, zilitaka mteremko wa mita tano na nusu hivi. Mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wengine akasema, “Huyu anataka mfereji.”

Naye alikuwa na haki. Wapare wamechimba mifereji ya maji kwa vizazi vingi, kutoka kwenye ndiva, yale mabwawa yanayojaa maji usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Mfereji ukiwa mkali, maji yanakula ukingo. Ukiwa tambarare mno, yanasimama. Wazee wanajua kwa jicho kiwango kinachofaa, na njia ya kiti inafuata kanuni ile ile. Badala ya kushuka moja kwa moja kama njia ya miguu, waliizungusha ubavuni mwa mlima, ikawa ndefu zaidi lakini ya upole, yenye ukingo wa mawe upande wa bondeni na mtaro wa maji upande wa juu. Siku moja na nusu, watu thelathini na kitu, sufuria mbili za makande. Pale palipobaki pakali tunashuka kinyumenyume: anayesukuma anatangulia chini, mgongo wake ukitazama bondeni, na kiti kinamfuata, ili uzito ukija uje kwenye mwili wake na mgonjwa asitupwe mbele.

Siku hizi anafika barabarani mara mbili au tatu kwa wiki. Haendi kokote. Anakaa pale penye kivuli, anajua bei ya kila kitu kinachoshuka kwenda soko la Same, na mimi nikipanda mwisho wa juma yeye ndiye ananipa habari.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila mgonjwa apandishwe mlimani. Mwenye mpira wa mkojo unaoziba kila mara, mwenye kidonda kilichochimba, mwenye kuhitaji mazoezi ya kila siku katika miezi ile ya mwanzo ambayo mwili bado unajifunza upya, huyo abaki karibu na hospitali. Miezi yetu sita ya Same ilimpa mama watoto nguvu ya kukaa bila kuegemea. Ninachosema ni kwamba swali hili aulizwe mgonjwa mwenyewe. Aghalabu wana ndoa na wakwe hukaa kikao sebuleni, naye yuko chumba cha pili anasikia kila neno. Na anayekaa mlimani awe na dawa za akiba za zaidi ya mwezi mmoja kabla ya vuli na masika hazijaanza, na kipimo cha shinikizo la damu ndani ya nyumba.

Nilipoanza kumwosha na kumgeuza mke wangu, wapo waliosema nimelishwa limbwata. Mwanamume akiugua, mkewe humtunza na hapana anayeshangaa. Mke akiugua, wengi hutarajia apelekwe kwao na mume aendelee na maisha. Nimewajibu hewani mara moja na sitarudia. Ila nasema na wanaume wenzangu juu ya mgongo. Kumwinua mtu wa kilo 70 mara nane kwa siku ni kazi ya kuli wa bandarini, na kuli hulala usiku. Anayetunza peke yake, akiamka kila saa mbili, baada ya miezi michache huwa mkali, anasahau dawa, anamvuta mgonjwa kwa hasira. Zamu si anasa. Sisi tumegawana: siku za kazi mama mkwe na dada yake mgonjwa, Ijumaa hadi Jumapili usiku wote ni wangu. Ndugu asiyeweza kuinua alete kuni.

Kwa wagonjwa wenye maumivu makali au maradhi yasiyopona, wapo watoa huduma wanaowafuata majumbani. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kazi ya namna hiyo mwaka 1999, na hospitali nyingine za dini zimefuata. Uliza kwenye hospitali iliyo karibu nawe, na umwone pia afisa ustawi wa jamii. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na ikatunga sheria yake mwaka 2010, na ndani ya mkataba ule upatikanaji wa vifaa vya kutembelea kwa bei ambayo mtu anaimudu umeandikwa waziwazi. Si kosa kwenda ofisini ukiwa unakijua kifungu hicho.

Basi wewe uliyeko Dar es Salaam na mzee wako yuko Chome au Suji, kabla hujaenda dukani, mwombe aliye nyumbani akutumie upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha kitanda na upana wa mlango. Akutumie na picha ya njia ya kutoka barazani hadi barabarani, ipigwe kutoka chini. Ukishaiona hiyo picha ndipo ujue kama unanunua kiti cha ndani au cha nje, au kama fedha hiyo itangulie kwenye saruji ya mteremko na godoro zuri. Chagua kiti ambacho tairi zake ni saizi ya baiskeli za kawaida, kwa maana fundi baiskeli yupo kila mahali, na spea za kigeni hazipo. Tia kwenye boksi tyubu mbili za akiba, pampu na spana. Na mto. Kiti kisicho na mto usikipakie kwenye basi.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya bei ya tangawizi na wanaoipanga. Kwa leo, nawaaga.